Washairi waliojuana kwa kalamu

Wiki hii siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini, hizo mmeshazisoma za kutosha. Leo nataka tupige historia kidogo. Si ile ya wafalme na mikataba, bali ya makarani, walimu na watu wa ofisi za forodha ambao wakishatoka kazini walikuwa wanakaa kwenye mwanga wa chemli wanahesabu mizani kwa vidole. Hakuna aliyewalipa. Wengi wao hawakuwahi kuchapisha kitabu hata kimoja. Lakini bila wao, mimi na wewe tusingekuwa na mashairi ya kufanyia mtihani.

Mwenzenu nasomea ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Sasa ukichukua desa lolote la ushairi, utakuta majina yamepangwa kama mibuyu: Muyaka huyu hapa, Shaaban Robert yule pale, Amri Abedi, Mnyampala, kila mmoja kasimama peke yake na tarehe zake za kuzaliwa na kufa. Unahitimu ukidhani mshairi ni mtu anayejifungia chumbani, anateremshiwa maneno, anatoka na diwani. Ukisoma vizuri unakuta kitu kingine kabisa. Ushairi wa Kiswahili umeishi kwa majibu. Mtu alitunga kwa sababu kuna mwenzake alitunga kabla yake, na alijua akinyamaza huyo mwenzake atamsubiri.

Tuanzie mbali. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi kati ya 1776 na 1840. Alitunga mashairi ya vita, ya siasa za Mvita na Lamu, ya mapenzi, ya njaa, ya kutaniana na watu. Mengi yalikuwa ya kujibizana: mtu kafunga fumbo, mwingine analifungua kwa shairi, tena kwa vina vilevile. Muyaka alipofariki hakuacha kitabu. Nusu karne baadaye kulikuwa na mwalimu mmoja pale Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye alikuwa ameyahifadhi mashairi ya Muyaka kichwani. Yeye mwenyewe alikuwa mshairi. Ndiye aliyempa mmisionari W. E. Taylor tungo hizo pamoja na maelezo yake, na kutokana na karatasi hizo William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940.

Hebu tulia hapo kidogo. Tunamjua Muyaka kwa sababu mshairi mwingine aliona kazi ya mwenzake inastahili nafasi kwenye kumbukumbu yake. Sikujua alifariki mwaka 1890, nusu karne kabla diwani haijatoka, na kwenye jalada jina kubwa ni la Muyaka. Kwangu mimi huo ndio mfano wa kwanza wa urafiki wa washairi: kubeba maneno ya mtu ambaye hawezi tena kukushukuru.

Sasa turuke mpaka Januari 1923, Dar es Salaam. Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza inaanza kutoa gazeti la kila mwezi, Mambo Leo. Serikali ilikuwa na lengo lake: habari za kilimo, afya, shule, amri za wakubwa. Ila wasomaji nao wakalitumia kwa lengo lao. Wakaanza kupeleka mashairi. Kutoka Tanga, kutoka Tabora, kutoka Ujiji, kutoka kila mahali palipokuwa na posta na mtu anayejua kalamu. Mashairi yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1946 kilitoka kitabu kizima huko London, Mashairi ya Mambo Leo, kilichokusanya sehemu tu ya yale yaliyochapishwa gazetini.

Utaratibu wao ulikuwa wa kipekee. Ubeti wa kwanza mara nyingi ni salamu kwa mhariri na ombi la nafasi. Katikati ndiyo hoja yenyewe. Mwisho ni kaditamati, na humo mshairi anataja jina lake au lakabu yake, na mji anaokaa. Ule mji usiupuuze! Ilikuwa ndiyo anwani. Ilikuwa ni kama kusema, mimi niko hapa, anayetaka kunijibu anajua pa kunitafuta.

Na walijibiwa. Tuseme karani mmoja wa Tabora kauliza fumbo kwenye toleo la Februari. Gazeti linasafiri kwa treni, linafika Kigoma, linasomwa kwa sauti barazani kwa sababu nakala ni moja na wanaojua kusoma ni wachache. Mwalimu mmoja pale anachekelea, anarudi kwake, anatunga jibu, anapeleka posta. Likibahatika linatoka Aprili. Karani wa Tabora amengoja miezi miwili kujua kama kuna mtu aliyemsikia, halafu siku moja anafungua gazeti anaona jina lake limetajwa kwenye ubeti wa kwanza wa mtu asiyemjua, anaitwa malenga, au ustadhi, au shaha. Fikiria huyo karani alilalaje siku hiyo. Ofisini kwake yeye ni "boi" wa bwana mkubwa. Gazetini ni shaha.

Hapa naomba niingie darasani dakika mbili, maana bila ufundi hamtaona uzito wa jambo lenyewe. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne kila ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande mizani nane, jumla kumi na sita. Kuna kina cha kati na kina cha mwisho, halafu kuna kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Sasa anayekujibu, kwa adabu ya fani, anachukua bahari yako, mara nyingi na vina vyako vilevile. Kama wewe umeishia na "ma" kati na "ri" mwisho, na yeye anakwenda hivyohivyo. Maana yake nini? Maana yake hawezi kukujibu kama hajakusoma kwa makini. Lazima akupime silabi kwa silabi, aone ulipobana neno ili mizani itimie, aone ulipochagua neno gumu na kwa nini. Kumsifu mtu kwa maneno matupu ni rahisi, hata mimi naweza kukwambia "safi sana kaka" bila kusoma mstari wa pili. Kumjibu kwa vina vyake huwezi kudanganya.

Ndiyo maana hata ugomvi wao ulikuwa unajenga. Malumbano yalikuwepo, tena makali. Watu walikosoana Kiswahili, wakaambiana mizani imepungua, huyu neno kalikata vibaya, yule kina hakifanani. Lakini kumkosoa mtu kwa beti saba ulizozitolea jasho ni heshima ya aina yake. Umempa usiku wako mzima.

Sasa mtazame Shaaban Robert kwa macho hayo. Alizaliwa 1909 Vibambani, Tanga, na kuanzia 1926 mpaka 1944 alikuwa mfanyakazi wa forodha, mtu wa kuhamishwa kituo hadi kituo. Miaka hiyo ndiyo aliyokuwa anapeleka mashairi Mambo Leo kama wengine wote. Sisi tunamwona baba wa fasihi. Wasomaji wa wakati ule waliona jina moja kati ya majina mengi, jina ambalo polepole wakaanza kulitafuta kila toleo. Na pembeni ya gazeti alikuwa na msomaji mwingine, ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua alizomwandikia tangu 1931 hadi 1958 zilitunzwa na mwenyewe Ulenge, zikaja kuchapishwa na TUKI mwaka 2002. Miaka ishirini na saba! Mtu anahama, anapanda, anashuka, dunia inapigana vita kuu, barua zinakwenda. Ulenge naye alikuwa mwandishi. Sijui ni wangapi kati yetu tunaweza kuwaandikia ndugu zetu miezi ishirini na saba tu.

Ila kulikuwa na tatizo. Sheria za utunzi nyingi zilikuwa vichwani mwa wazee wa pwani. Aliyezaliwa Mombasa au Lamu alizisikia tangu utotoni, harusini, msikitini, barazani. Aliyezaliwa bara alikuwa anabahatisha, na akikosea anachekwa. Mwaka 1954 ndipo kijana mmoja wa miaka thelathini akatoa kitabu, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Huyu ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1960 alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri, akafariki Oktoba 1964 akiwa na miaka arobaini tu. Wengi mnalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa mpira Arusha.

Angalieni alikotoka: Ujiji. Kandokando ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili kabisa wa nchi. Kitabu chake kinaeleza mizani ni nini, vina ni nini, kipi kinakubalika na kipi hakikubaliki, halafu kinakuonyesha kwa mashairi yake mwenyewe. Angeweza kunyamaza na ujuzi wake akabaki bingwa kati ya wachache. Alichofanya ni kuwapa silaha wapinzani wake wa kesho. Baada ya hapo mtu wa Songea au Musoma ambaye hajawahi kuiona bahari aliweza kujifunza bahari za ushairi. Mimi kama mwalimu mtarajiwa, hicho ndicho kitabu cha ualimu ninachokiheshimu kuliko vingi tunavyosomeshwa.

Mwingine wa bara ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, Dodoma, aliyezaliwa 1917. Mkatoliki, mtu wa mahakama, mwandishi wa historia ya Wagogo. Diwani yake ilitoka 1963. Alikuwa mmoja wa nguzo za UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na ndiye aliyezikuza ngonjera, yale mashairi ya watu wawili au zaidi kubishana jukwaani mpaka mmoja ashindwe kwa hoja. Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieleza kwa wananchi, na ngonjera zikaingia mashuleni. Wengi tunazikumbuka kama kitu cha kukaririshwa siku ya mgeni rasmi. Lakini kiini chake ni kilekile cha Mambo Leo: mashairi ya kujibizana, ila sasa wanaojibizana wamesimama uso kwa uso.

Mnyampala alifariki 1969. Miaka minane baadaye, 1977, kikatoka kitabu cha Historia ya Kiswahili chenye majina mawili ya waandishi: Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala. Chiraghdin alikuwa mwalimu wa Mombasa, Mwislamu wa mji mkongwe. Naye alifariki 1976. Kitabu kilipotoka wote wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Mgogo Mkristo wa Dodoma na Mwislamu wa Mvita, nchi mbili tofauti, juu ya jalada moja, wakieleza lugha waliyoipenda wote ilikotoka. Kuna watu siku hizi bado wanabishana Kiswahili ni cha nani. Jalada hilo lilishajibu.

Na huyo Chiraghdin ndiye aliyehariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka 1971. Ahmad Nassir alikuwa anatunga kwa Kimvita cha ndani, na msomaji wa mbali angepotea njiani. Chiraghdin akakaa, akaandika utangulizi na maelezo. Hiyo ni kazi ya mtu anayetaka mwenzake asomwe na wasiomjua. Sikujua tena, karne nyingine.

Nilisema ushairi huu unaishi kwa majibu. Basi ukitaka kujua uzito wa majibu, tazama mahali ambapo yalizuiwa. Mombasa hiyohiyo, Abdilatif Abdalla alikamatwa kwa sababu ya waraka wa mwaka 1968 ulioitwa Kenya: Twendapi? Alifungwa miaka mitatu, akawekwa peke yake, bila kuruhusiwa kuandika. Akaandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Tungo hizo zikawa Sauti ya Dhiki, 1973, zikapata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Kinachonigusa ni kwamba hata mle ndani hakuacha vina na mizani. Hakuwa na gazeti, hakuwa na baraza, hakuwa na wa kumjibu, lakini alitunga kama mtu anayetarajia kujibiwa. Alipotoka mwaka 1972 alivuka mpaka akaja kufanya kazi hapahapa Mlimani, TUKI. Wenzake walikuwa wanamsubiri.

Nisiwapake mafuta, historia hii ina upande wake mchungu. Zile sheria zilizowafungulia watu wa bara mlango zilikuja kugeuzwa komeo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyesoma chuo hiki, alitoa Kichomi, mashairi mengi humo yakiwa hayana vina wala mizani ya kimapokeo. Moto ukawaka. Wahafidhina wakasema hayo si mashairi, ni insha zilizokatwa mistari. Vijana nao wakawaona wazee kama askari wa getini. Ugomvi huo ulikwenda miaka mingi, na mpaka leo ukiutaja kwenye semina hutoki salama.

Mimi katika ugomvi huo napenda kuwatazama vijana wawili, Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi. Mwaka 1973 walitoa pamoja Mashairi ya Kisasa. 1976 wakatoa pamoja Malenga wa Bara. Kisha wakatoa pamoja tena Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, ambamo wanafundisha na kutetea njia zote mbili. Walipoanza walikuwa na umri kama wangu, miaka ishirini na kitu, na baadaye wote wawili wakawa maprofesa. Vitabu vitatu, majina mawili. Naamini kila mmoja alikuwa msomaji wa kwanza wa mwenzake. Wakati wakubwa wanapigiana kelele kama ni shairi au si shairi, unahitaji mtu mmoja tu wa rika lako wa kukwambia, endelea, ubeti wa tatu umekaa.

Kwa nini nawaletea haya yote? Kwa sababu mwaka jana nilikuwa mazoezi ya kufundisha, kwenye shule ambayo siitaji. Mtoto wa kidato cha pili alinionyesha shairi lake kwenye daftari. Kulikuwa na alama nyekundu ya mtu mwingine juu yake: "Mizani haijatimia." Basi. Hakuna kingine. Na kweli mizani haikutimia, ubeti wa pili ulikuwa na kumi na tano. Lakini lilikuwa ni shairi kuhusu mama yake anayeuza mihogo ya kukaanga, na kibwagizo chake kilikuwa kizuri kuliko vyangu vyote. Kufundishwa kosa ni haki yake. Ila akina Sikujua wangefanya zaidi ya hapo.

Nikamwandikia beti mbili kwa vina vyake. Zilinichukua usiku mzima, msinicheke. Kesho yake hakusema kitu, alichukua daftari akaondoka. Ijumaa akanirudishia beti nne, na mizani yote kumi na sita. Alikuwa amehesabu zangu akagundua zake zilipopungua. Sikumfundisha kwa kalamu nyekundu.

Sasa wenzangu wa ualimu, tutakwenda kusimama mbele ya madarasa ya watoto sitini, themanini. Hatutaweza kumjibu kila mmoja, nalijua hilo. Lakini kwenye kila darasa yupo mmoja au wawili wenye daftari la siri, na wao hawahitaji kuambiwa wana kipaji. Wanahitaji mtu wa kukaa usiku mmoja na maneno yao. Mambo Leo halipo tena, na wale makarani wamekwenda na majina yao. Walichotuachia hakihitaji bajeti ya wizara: soma kwa makini, jibu kwa vina vilevile, taja jina la mwenzako kwenye ubeti wa kwanza.

Nina semina saa moja asubuhi na sijagusa desa. Alamsiki.